Fundi wa mbali: vidiokoo ya simu au miwani ya AR?
Mashine ya mkonge ikigoma huku Tanga na fundi yuko Dar, wengi tunampigia vidiokoo ya WhatsApp, simu kila mtu anayo na gharama ni bando tu, ila mkono mmoja umeshika simu mwingine spana, halafu anakwambia "legeza hiyo nati ya kushoto" na nati ziko sita. Kwa miwani ya AR, yaani inayoonyesha picha juu ya vitu halisi unavyoviona, kama HoloLens 2 ya Microsoft, mikono yote iko huru, fundi anaona unachokiona, akichora mshale unaganda palepale kwenye nati hata ukigeuza kichwa, hapo ndo iliponiteka. Lakini ilitoka 2019 kwa dola 3,500, gramu 566 kichwani na joto letu hili, na Microsoft wameshaacha kuitengeneza. Kwa sasa nabaki na simu, naining'iniza shingoni kwa kamba.