TAHADHARI: Muuzaji wa modeli bandia za Gundam na rangi zinazoyeyusha plastiki

Ndugu wapenzi wa modeli,

Naandika tahadhari hii kwa niaba ya kikundi chetu cha watu kumi na mmoja hapa Dar es Salaam, ambacho hukutana kila Jumamosi ya pili ya mwezi kuunganisha na kupaka rangi modeli za roboti na vyombo vya anga vya hadithi za kisayansi. Kati ya Februari na Juni mwaka huu tulimlipa mtu mmoja jumla ya shilingi 1,595,000 kwa ajili ya modeli na rangi, tukapokea bidhaa bandia ambazo sehemu yake ilikuwa hatari kwa afya, na hadi leo hatujarudishiwa chochote. Tungeweza kunyamaza kwa kuwa fedha imekwisha kutoka, lakini wiki iliyopita mwenzetu mmoja aliona tangazo jipya, lenye picha zilezile na maneno yaleyale, likizunguka katika makundi ya WhatsApp ya wapenzi wa modeli wa Arusha na Nairobi chini ya jina jingine. Ndiyo maana nimeona ni wajibu kueleza kila kitu kama kilivyotokea.

Sitaandika jina wala namba yake hapa. Majina aliyotumia tunayoyafahamu ni matatu, na namba alizopokelea fedha zimesajiliwa kwa watu ambao huenda hawana habari kabisa na biashara hii. Namba hizo tumezikabidhi polisi.

Mtu huyu aliingia katika kundi letu kwa kuelekezwa na mwanachama aliyekuwa amenunua kwake modeli mbili ndogo za daraja la High Grade, skeli ya 1/144 (yaani ndogo mara 144 kuliko roboti wa hadithi), kwa shilingi 45,000 kila moja. Modeli hizo zilikuwa halisi. Nalisisitiza jambo hilo kwa sababu ndilo lililotufumba macho: tulizishika kwa mikono yetu, tukaona neno BANDAI, jina la kampuni ya Japani inayozitengeneza, limechomoza juu ya fremu za plastiki zinazoshikilia vipande, tukaunganisha vipande vikaingiana bila gundi kama inavyotakiwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtilia shaka. Naamini sasa kwamba modeli zile mbili zilikuwa chambo, na kwamba alikuwa tayari kupata hasara ndogo juu yake.

Mwaka huu tulikuwa tumekubaliana kujenga modeli ya aina moja, kila mtu na yake: Gundam RX-78-2, roboti wa katuni ya Kijapani ya Gundam, ya daraja la Master Grade, skeli ya 1/100, ili kila mmoja aipake rangi apendavyo na baadaye tuzipange zote mezani tuone mikono kumi na mmoja imefanya nini juu ya umbo moja. Kwa kikundi chetu hili lilikuwa jambo kubwa. Wengine walianza kuweka akiba tangu Desemba, na mwenzetu mdogo kuliko wote, mwanafunzi wa kidato cha pili, alichangiwa na mama yake. Muuzaji aliposikia habari hizo alisema ana ndugu yake Japani, na kwamba tukinunua kwa pamoja atatupa bei ya shilingi 95,000 kwa modeli na shilingi 35,000 kwa seti ya chupa sita za rangi, mradi wote tulipe ndani ya siku tatu kabla ndugu huyo hajasafirisha mzigo. Tulilipa shilingi 1,430,000. Tulituma kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, si kwenye lipa namba ya duka, kwa maelezo kwamba lipa namba yake ilikuwa na hitilafu.

Wiki saba baadaye alituarifu kwamba mzigo umezuiliwa forodhani na kila mmoja anatakiwa kuongeza shilingi 15,000 za ushuru. Hapo ndipo tulipotakiwa kushtuka. Ushuru wa forodha hapa kwetu hulipwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kwa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroo namba, na risiti yake huonekana. Haukusanywi na muuzaji kwa kutumiwa fedha kwenye simu yake. Mmoja wetu aliomba kontroo namba hiyo, akajibiwa kwa lugha ya upole sana kwamba wakala wa forodha alishalipa na sasa anadai fedha zake. Tukaongeza shilingi 165,000.

Maboksi yalifika mwanzoni mwa Juni. Picha ya juu ilikuwa ya Gundam, lakini nembo ya mtengenezaji ilikuwa imeondolewa na mahali pake pamewekwa jina lisilojulikana. Ndani, vibao vidogo vya pembeni mwa fremu, ambavyo kwenye modeli halisi huwa na herufi ya fremu na neno BANDAI, vilikuwa vitupu, na kwenye baadhi yake mtu angeweza kuona alama hafifu mahali maandishi yalipofutwa katika kalibu. Kitabu cha maelekezo kilikuwa fotokopi. Plastiki ilikuwa na mafuta mafuta na rangi ya kijivu badala ya nyeupe. Maboksi mawili yalikosa fremu nzima.

Kwa wale ambao bado ni wageni katika fani hii, ni vyema nieleze kwa nini jambo hili si dogo. Modeli za Gundam zilianza kuuzwa na Bandai Julai 1980, mwaka mmoja baada ya katuni yenyewe kuanza kuonyeshwa Japani, na katika miongo iliyofuata ufundi wa kalibu zao umefikia kiwango ambacho kipande cha bega huingia katika kipande cha kifua kwa kubanwa na vidole tu, kikakaa, na kiungo kikageuka mara mamia bila kulegea. Daraja la Master Grade, lililoanza mwaka 1995, lina mifupa ya ndani, yaani roboti hujengwa kwanza kiunzi chake ndipo ivikwe mabamba ya nje. Kiunzi hicho kikiwa kimenakiliwa ovyo, kosa dogo la kiungo cha nyonga hujijumlisha na la goti na la kifundo cha mguu, na mwisho roboti haisimami. Kati ya modeli zetu tisa zilizokuwa na vipande vyote, tatu tu zinasimama kwa miguu yake. Nne zilivunjika pini za viungo siku ya kwanza, na mwenzetu mmoja, fundi mwenye mikono mitulivu kuliko wote, alitumia jioni nne kunyoa kwa kisu na kupiga msasa vipande ambavyo havikupaswa kuguswa hata kidogo, kwa kuwa aliona aibu kumwambia mke wake kwamba fedha ile imepotea.

Wapo waliosema kwamba nakala si dhambi, na kwamba mtu asiye na uwezo wa kununua modeli halisi ana haki ya kununua ya bei nafuu akijua ni nakala. Sikubaliani nao, lakini si mjadala wa leo. Sisi tuliuziwa nakala kwa bei ya modeli halisi, na tulidanganywa kwa makusudi.

Rangi ndizo zilizonifanya niandike waraka mrefu kiasi hiki. Kila seti ilikuwa na chupa sita ndogo zenye lebo iliyochapishwa vizuri, isemayo kwamba ni akriliki ya maji isiyo na sumu, inayofaa kwa watoto. Kijana wetu wa kidato cha pili alianza kupaka nyumbani, chumbani kwake, dirisha likiwa limefungwa kwa sababu ya vumbi. Baada ya saa moja alianza kuumwa kichwa na kuhisi kichefuchefu, na kichwa hicho kilimuuma hadi siku ya pili. Mabamba aliyopaka yalilainika kiasi kwamba alama za vidole vyake zilibaki juu yake, mistari midogo ya kwenye mabamba ikajifuta, na siku tatu baadaye plastiki ikaanza kupasuka nyufa nyembamba kama za udongo wa mfinyanzi uliokaushwa haraka. Alidhani kwamba kosa ni lake. Alikaa wiki mbili bila kutuambia.

Nilipozichukua chupa zile nilifanya majaribio mawili ambayo kila mmoja wenu anaweza kuyafanya. Kwanza nilidondosha tone la rangi katika glasi ya maji na kukoroga. Akriliki ya maji, ikiwa bado mbichi, huchanganyika na maji yakabadilika rangi. Hii ilijikusanya ikawa utando mzito unaoshika kijiti. Kisha nilidondosha tone jingine juu ya kasha jeupe la povu la kuwekea chipsi, na kasha likatoboka papo hapo. Povu lile ni polistirini, na polistirini ndiyo plastiki ya sehemu kubwa ya modeli zetu. Hailiwi na maji wala rangi ya maji, bali huliwa na viyeyusho vikali kama asetoni na tolwini, ambavyo hupatikana katika tina za rangi za magari. Nilimpelekea chupa moja fundi wa rangi za magari wa Tabata ninayemfahamu. Aliifungua, akainusa mara moja, akasema hiyo ni rangi ya gari iliyozimuliwa kwa tina na kutiwa kwenye chupa ndogo. Kopo moja la rangi ya gari hujaza chupa nyingi sana za namna ile, na mtu anaweza kukisia mwenyewe faida yake.

Niseme kwa haki kwamba zipo rangi halisi za modeli zenye kiyeyusho kikali, na mafundi wazoefu huzipulizia kwa tabaka nyembamba bila kuharibu plastiki. Hata hivyo chupa zake husema wazi zina nini, na anayezitumia hufungua madirisha na kuvaa barakoa yenye vichujio vya kaboni, kwa kuwa barakoa ya kitambaa huzuia vumbi tu na hupitisha mvuke wote wa tina. Kuifungasha tina ya gari kwa jina la rangi ya maji na kumkabidhi mtoto ni kumdhuru mtu.

Tulipomtaka maelezo, muuzaji alitusihi kwanza tuwe na subira, kisha akasema tumeharibu wenyewe kwa kutojua kupaka, na baada ya hapo akatoka kwenye kundi na kufunga namba. Tumefungua taarifa kituo cha polisi na kupewa namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yetu, kwa kuwa udanganyifu wa aina hii unagusa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na namba alizotumia tumezituma pia kwenda 15040, ambako namba za matapeli wa simu huripotiwa.

Sasa kuhusu tangazo jipya. Safari hii anauza chombo cha anga cha Millennium Falcon, kile cha filamu za Star Wars, na anasema ni kile cha Bandai cha daraja la Perfect Grade, skeli ya 1/72, kilichotolewa mwaka 2017. Anakusanya malipo ya pamoja kwa watu wanane, ndani ya siku tatu, kwa maneno yaleyale ya ndugu aliyeko Japani. Katika maelezo yake ameandika kwamba urefu wa modeli ni sentimita 24. Hapo amejifunua. Modeli ya 1/72 ya chombo hicho ina urefu wa sentimita 48 hivi. Iliyo na sentimita 24 ni ya 1/144, yaani nusu ya urefu, yenye vipande vichache na bei ya chini sana. Hata kama atakuletea kitu halisi, utakuwa umelipia kikubwa na kupokea kidogo. Hesabu ya skeli ni rahisi na haidanganyi: Gundam RX-78-2 inatajwa kuwa na kimo cha mita 18, kwa hiyo ya 1/100 lazima iwe na sentimita 18 na ya 1/144 iwe na sentimita kumi na mbili na nusu. Muulize anayekuuzia urefu wa modeli; akishindwa kujibu, au akikukwepa, usimtumie fedha.

Sisi tumebadili utaratibu wetu. Kabla ya malipo yoyote tunamtaka muuzaji apige picha fremu ya plastiki, siyo boksi, ikiwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono jina la kikundi chetu na tarehe ya siku hiyo, na kibao chenye neno BANDAI kionekane. Picha za maboksi huibwa mtandaoni kwa dakika moja; karatasi yenye jina letu haiwezi kuibwa popote. Mzigo uliopo nchini tunamtuma mwenzetu akauone na kulipa papo hapo, na dukani tunadai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Kwa mzigo unaotoka nje, kila mmoja sasa anaagiza na kulipa mwenyewe kwenye duka linalofahamika, hata kama bei inapanda, kwa kuwa punguzo la kununua pamoja ndilo lililompa mtu mmoja fedha za watu kumi na mmoja kwa mkupuo.

Mwenye chupa za rangi zinazofanana na nilizozieleza, asizitumie na asizimwage kwenye sinki wala mtaroni. Azifunge vizuri, aziweke mbali na moto na watoto, na azihifadhi kama ushahidi. Aliyekwisha kulipia Falcon hiyo asifute ujumbe wowote wala asitoke kwenye mazungumzo hayo, ahifadhi ujumbe wa muamala, kisha aende kituo cha polisi kilicho karibu naye afungue RB yake mwenyewe. Akiniandikia nitampa namba ya RB yetu ili majalada haya yaunganishwe.