Uzoefu wangu: kuutazama Msalaba Mrefu wa Robert Schad huko Fátima

Nilifika Fátima, nchini Ureno, nikiwa mmoja wa mahujaji wa parokia yetu ya Dar es Salaam, na nia yangu ilikuwa kusali tu. Hata hivyo, kazi yangu ni kufundisha uchomeleaji katika chuo cha ufundi, na macho ya mwalimu wa uchomeleaji huona maungio ya chuma kabla ya kuona kitu kizima. Ndiyo sababu msalaba uliosimama karibu na Basilika ya Utatu Mtakatifu ulinishika miguu. Tathmini hii nimewaandikia wanaopanga hija ya aina hiyo, kwa kuwa makundi mengi huupita msalaba huo bila kuelezwa chochote.

Una urefu wa mita 34 na ulisimamishwa mwaka 2007, mwaka uleule ambao basilika hiyo mpya ilizinduliwa. Aliyeubuni ni Robert Schad, msanii Mjerumani wa sanamu za chuma, ambaye kazi zake karibu zote ni za sanaa dhahania, yaani haziigi sura ya mtu wala ya kitu. Hapa alitakiwa kumwonyesha Kristo msulubiwa, naye hakuiacha njia yake: mwili wa Bwana umetokana na mistari ya chuma kama ile ya msalaba wenyewe, iliyokatwa na kuunganishwa kwa pembe, bila uso, bila vidole, bila taji la miiba la kuhesabika.

Wengi katika kundi letu hawakuupenda. Mama mmoja mtu mzima aliniuliza kwa masikitiko, “Mwalimu, mbona wameuacha upate kutu hivi? Hawana rangi?” Nilimjibu, “Mama, kutu hii imekusudiwa.” Chuma hicho ni cha aina ya korteni, ambacho huchanganywa na kiasi kidogo cha shaba na kromiamu. Chuma cha kawaida kikipata kutu hubanduka magamba, hewa na maji vikaingia ndani, na kikaendelea kuliwa hadi kutoboka. Korteni ikiloa na kukauka mara kwa mara hujitengenezea tabaka jembamba la kutu lililogandamana, na tabaka hilo huikinga sehemu ya ndani. Adui yake ni maji yanayotuama. Yule mama alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema kwamba kwake yeye Yesu ni lazima awe na uso. Sikumbishia, kwa maana hilo si suala la metali.

Usiku huo, hotelini, nilisoma habari za msanii mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1953 huko Ravensburg, kusini mwa Ujerumani, akasoma katika chuo cha sanaa cha Karlsruhe kuanzia 1974 hadi 1980, kisha akapata ufadhili wa masomo uliompeleka Porto. Kwa hiyo Ureno haikuwa ngeni kwake alipopewa kazi ya Fátima, na hadi leo anaishi kwa zamu kati ya kijiji cha mashariki mwa Ufaransa na kingine cha kaskazini mwa Ureno.

Kilichonigusa zaidi ni malighafi aliyoichagua. Kwa miongo mingi Schad amefanya kazi na vyuma vya mraba vilivyojaa, ambavyo ni tofauti kabisa na skweapaipu tunazotengenezea mageti, zenye uwazi ndani. Wanafunzi wangu wanaweza kupiga hesabu hii: mita moja ya chuma kilichojaa chenye upana wa sentimita 10 kila upande ina uzito wa karibu kilo 78.5, kwa hiyo kipande cha mita nne tu kinapita kilo 300. Vyuma kama hivyo huwezi kuvipinda ukavipa umbo unalotaka. Vinakatwa kwa mshazari, kingo zinasagwa, mfereji wa maungio unajazwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka linavuta chuma upande wake linapopoa. Asiyejua kuutawala mvuto huo atapata pembe tofauti na aliyoichora. Na bado sanamu zake zinaonekana kama mchoro wa penseli hewani, kana kwamba chuma kimesimama kwa ncha ya kidole. Sikushangaa kusoma kwamba mwaka 1989 mcheza dansi Gerhard Bohner alicheza jukwaani katikati ya kazi za Schad na za msanii mwenzake Vera Röhm, kwa sababu ndani ya vyuma hivyo mna magoti, viwiko na mgongo unaojipinda, ingawa hamna mtu.

Kesho yake nilirudi peke yangu asubuhi na mapema, nikauzunguka msalaba polepole. Ukisimama mbele, unamwona Kristo aliyening'inia. Ukisogea ubavuni, mwili unajikusanya, mistari inalaliana, na kwa hatua chache hubakiwi na umbo la mwanadamu, bali vyuma vinavyopanda mbinguni. Kisha ukiendelea, mwili unarudi tena. Nilizunguka mara tatu. Nilisali vizuri zaidi pale kuliko nilivyosali mahali pengine popote katika safari ile, na nasema hivyo nikijua kwamba baadhi ya wenzangu watahuzunika kulisoma.

Malalamiko yangu yanahusu wakala aliyetuandalia safari. Ratiba ilitupa dakika 40 katika eneo lote hilo la uwanja, na sehemu kubwa iliishia kwenye foleni ya mishumaa. Mwongozaji wetu, kijana mwenye adabu sana, alitaja urefu wa msalaba lakini hakumtaja aliyeutengeneza. Mahujaji waliolipa fedha nyingi walistahili kuambiwa jina hilo. Kwa msalaba ninatoa nyota 5, kwa maandalizi nyota 3.

Kuingia uwanjani ni bure. Vaa viatu vya kutembelea, maana uwanja ni mpana na jua la mchana huakisiwa na sakafu yake. Usipige picha ukiwa chini kabisa ya msalaba, kwa sababu mistari yote hujibana. Rudi nyuma kuelekea basilika ya zamani. Muhimu zaidi, kabla ya kulipia, muulize wakala kama kundi litalala Fátima au litarudishwa Lisbon jioni hiyohiyo, mwendo wa kilomita 120 hivi, kwani anayerudishwa huikosa rozari ya usiku na maandamano ya mishumaa, na pia ile saa ya asubuhi ambapo uwanja hauna watu na unaweza kuuzunguka msalaba bila kusukumwa.