Kijana wa raga akuzwe wapi, shuleni au klabuni?

Huko Uingereza, klabu za raga ya watu 13 kama Wigan na St Helens humchukua kijana angali mwanafunzi, zikamfunza mtindo wao hadi aingie timu ya wakubwa. Huku kwetu Kenya, klabu kama Kabras ya Kakamega na Menengai Oilers ya Nakuru hutegemea sana vijana waliopikwa na shule.

Njia ya shule haina gharama kwa klabu, na raha yake ni ya kipekee: mechi za shule, watu hujaa hadi kwenye mstari. Lakini mwalimu mmoja ana vijana arobaini na mipira mitatu. Mwenye nguvu hupewa mpira kila mara. Kukaba, yaani kumkamata na kumwangusha mwenye mpira, atajifunzia kwenye mechi. Nilimwona mmoja Nakuru, mzito kama gunia la mahindi, akikaba huku kichwa kiko mbele ya mapaja ya mwenzake badala ya nyuma. Alitolewa kwa machela. Kwenye akademia, yaani kituo cha klabu cha kukuza vijana, kosa hilo hurekebishwa mapema, wakikabana polepole wakiwa wamepiga magoti.

Nauli, chakula, daktari: akademia inakula pesa, kweli. Mimi bado ningeichagua, mradi kijana asiachishwe masomo.