Nikon Z 180-600mm kwa Picha za Ndege za Kivita: Tazama Hii Pete! (Uchambuzi kutoka Arusha)

Oyaa wadau, mambo vipi! Karibuni tena kwenye chaneli. Leo tuko Kisongo, shambani kwa mwenyeji wangu, mbali kabisa na uzio wa Uwanja wa Ndege wa Arusha, na mzigo niliowaahidi ndio huu: lenzi ya Nikon Z 180-600mm. Ina vioo vingapi, imepakwa nini, hayo mmeshayasoma. Mimi nataka mwone kitu kimoja. Hii pete ya zumu, ya kuvuta picha karibu.

Tazama mkono wangu. Niko milimita 180, picha pana. Nazungusha... 600, imevutwa karibu kabisa! Nyuzi 70 tu, na kiganja hakijaiachia lenzi. Narudi... 180. Kaka, sogea na kamera waone vizuri. Kiwiko kiko palepale ubavuni, jicho halijabanduka. Halafu cheki huku mbele, lenzi haijarefuka hata kidogo. Vinavyosogea vyote vinasogea ndani kwa ndani.

Ndege ya kivita haimsubiri mtu. Piga hesabu na mimi: ikienda kilomita 720 kwa saa, inakula mita 200 kila sekunde. Ukiiona ikiwa kilomita moja, una sekunde 5, iko juu ya kichwa chako. Ikiwa mbali unaitaka 600, la sivyo unaambulia nukta. Ikisogea, 600 hiyohiyo inakukatia pua na mkia. Kwa hiyo ndani ya hizo sekunde 5 inabidi ushuke 400, 300, 200, huku kiuno kinazunguka kuifuata. Wale tuliovuka Namanga Mei 2022 kwenda maonyesho ya Jeshi la Anga la Kenya pale Uhuru Gardens mnanielewa. F-5, ile jeti ya kivita, ni kidege kidogo, bawa hadi bawa ni mita 8 na kitu! Siku ile nilikuwa na lenzi ya kuazima, ya zile zinazorefuka kama darubini ya baharia. Pete unaizungusha, mkono unafika mwisho, unaachia, unashika tena. Uzito wote unakimbilia mbele, pua ya kamera inainama, na ndege imeshapita. Inauma sana, jamani, umesafiri umbali wote ule.

Ngoja, ngoja! Caravan hiyo, kidege cha panga boi, inapanda, watalii wanakwenda Serengeti. Twende nayo... 600... kamera yangu, Nikon Z8, imeshaikamata, kile kiboksi cha fokasi kiko puani... inakuja... nashuka 400... 250... imo nzima! Mmeona? Sijaipoteza hata mara moja. Hapo kasi ya shata nimeweka 1/160 ya sekunde ili panga boi lionekane linazunguka. Ukiweka 1/2000 kwa ndege ya panga boi, inaonekana imezimika angani. Jeti haina panga, kwa hiyo 1/2000 ndiyo mahali pake. Kizuia mtetemo, yaani VR, weka Sport, picha haikurukiruki machoni unapoifuata.

Sasa kinachoniudhi. Huu mguu wa tripodi. Lenzi ya bei hii, mguu hauna mfereji wa Arca-Swiss, ule wa kuchomeka moja kwa moja kwenye kichwa cha tripodi! Ukanunue kibamba kingine ufunge chini. Mimi nimeivua kola yote, ile pete inayobeba mguu, uzito umeshuka kutoka gramu 2,140 hadi 1,955, na mabega yanashukuru. Kwa jeti hushiki tripodi, unashika kwa mkono.

Kwenye 600 tundu la kupitisha mwanga ni f/6.3, si kubwa sana, na asubuhi zetu za Julai, Mlima Meru ukiwa umejifunika mawingu, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, itapanda tu na picha itakuwa na chengachenga. Naikubali hiyo. Mvuke wa joto saa saba mchana ndio adui hasa, lami ikishaanza kuchemka hakuna lenzi duniani itakayokuokoa. Nenda asubuhi.

Bei: ilitoka 2023 kwa dola kama 1,700. Kwa shilingi inapita milioni 4, hujagusa usafiri wala ushuru. Ni hela nyingi, ila kwa 600 ya namna hii bado naiona bei ya haki.

Mmeniuliza sana kuhusu ndege zetu za JWTZ. Zikipita angani kwenye sherehe za kitaifa, umati mzima unatazama, piga kwa raha zako. Kambi za jeshi na vizuizi vyake, hapana, kamera ibaki kwenye begi. Hilo silitanii.

Video ijayo nataka kuipambanisha hii na Sony 200-600 ya 2019, maana nayo hairefuki, na wenye nayo wanaisifu vibaya mno. Sina. Kama uko Arusha au Moshi na unayo, niandikie kwenye maoni, naifuata mwenyewe hadi mlangoni, tunakuja wote hapa Kisongo kuzipimia kwenye Caravan hizihizi.