Founders Online: barua za ndui, homa na kisu cha daktari

Anayefuatilia historia ya tiba kupitia barua za Wamarekani wa mwanzo wa karne ya 19 aanzie hapa. Founders Online ni huduma ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani na wachapaji wa Chuo Kikuu cha Virginia. Ilifunguliwa 2013, na ina nyaraka zaidi ya 180,000 za marais wa kwanza wa Marekani, akina Washington, Adams, Jefferson na Madison, na wenzao. Hulipi wala hujisajili. Kurasa ni maandishi matupu, kwa hiyo hata simu yenye bando dogo inazimudu.

Ipime kwa suala la chanjo ya ndui. Kwenye utafutaji wa kina weka Thomas Jefferson kuwa mwandishi na Benjamin Waterhouse, daktari wa Massachusetts, kuwa mpokeaji. Weka tarehe kati ya 1800 na 1802, panga kuanzia barua ya zamani, kisha rudia ukiwabadilisha nafasi. Desemba 1800 Waterhouse anamwandikia kuhusu ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwepesi unaomkinga mtu na ndui. Kiangazi cha 1801 majimaji ya chanjo yanapelekwa kusini, na chanjo hazishiki. Jefferson analishuku joto la njiani. Julai anapendekeza yatiwe kwenye kichupa kidogo kabisa kilichozibwa sawasawa, nacho kizamishwe ndani ya chupa kubwa yenye maji, nayo izibwe. Agosti chanjo inashika Monticello, shambani kwa Jefferson. Kinachobaki ni hesabu ya kuvuna: majimaji yachukuliwe lini kutoka mkono wa huyu kumchanja yule? Baadaye anapendekeza saa 24 mara 8, yaani siku nane baada ya kuchanja. Mawasiliano haya peke yake yanatosha kuipa huduma hii alama za juu.

Kasoro yake kubwa ni utafutaji, kwa sababu haukutafutii majina mengine ya kitu kilekile. Ukiandika "vaccination" pekee utakosa barua nyingi; jaribu pia "kine pock", "kine pox", "cow pox" na "vaccine matter", kila moja ndani ya alama za kunukuu. Ndui yenyewe huandikwa "small pox", "smallpox" au "small-pox". Na "inoculation" isikuponze: barua moja inamaanisha kupandikiza ndui halisi, nyingine chanjo ya ng'ombe. Soma aya nzima, na utazame mwaka. Kwa malaria tafuta "ague" na "intermittent fever", kwa kifua kikuu "consumption", na kwa dawa ya magome ya mkwinini "bark", ingawa hiyo ya mwisho itakuletea na magome ya miti mingine.

Tarehe nazo zina mtego. "Inst." ni mwezi huuhuu wa barua, "ult." ni mwezi uliopita; ukizichanganya, mgonjwa atapona kabla hajaugua.

Ubora wa tanbihi haulingani. Barua za Jefferson za 1801 zimehaririwa vizuri, na chini yake utaelezwa nakala inatoka wapi: RC ni ile aliyoipokea mwandikiwa, PrC ni nakala iliyopatikana kwa kubana karatasi nyingine juu ya barua, ikabaki kwa mwandishi. Nyingi za John Adams baada ya 1809 zimewekwa kabla ya uhariri kukamilika. Humo ndimo wanamoandikiana yeye na Dkt. Benjamin Rush kuhusu saratani ya titi ya binti yake, Nabby. Septemba 1811 Rush alihimiza apasuliwe bila kuchelewa, na Oktoba akapasuliwa. Maelezo ya majina na hali itabidi uyatafute kwingine.

Upungufu mwingine haurekebishiki kwa programu. Jefferson alihesabu takriban watu 200 waliochanjwa na yeye, wakwe zake na majirani. Wengi wa nyumbani kwake walikuwa watumwa, na humu wao tunawajua kwa kalamu yake tu.

Picha za barua hazimo. Ukitilia shaka tarakimu au neno la dawa, chukua tarehe na jina la mwandikiwa uende kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako karatasi nyingi za Jefferson zimepigwa picha, nako bure.