Nilipima MRI ya kichwa nikaambiwa niko mzima, kumbe

Hili jambo bado linaniuma acha niliseme. Sikio langu la kulia lilikuwa linavuma, sio ule mlio wa kawaida, hii ni vuu, vuu, vuu sawasawa na mapigo ya moyo, nikibonyeza shingo chini ya sikio inapungua nikiachia inarudi. Nikapigwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Mashine sina neno nayo, inapiga kelele lakini haiumi na haina mionzi. Tatizo ni daktari aliyenisomea majibu, macho yote kwenye simu, "dada ubongo uko safi, hizo stresi tu." Nikauliza na mishipa ya damu mmeiangalia? Akanijibu "daktari ni wewe au mimi?" halafu akaita mgonjwa mwingine nikiwa bado nimekaa!!

Kumbe kwenye fomu aliandika "maumivu ya kichwa" basi, habari ya sikio hamna. Wakapiga ubongo tu, na MRI ya kawaida inaweza kutoka safi kabisa wakati ateri (mshipa unaotoa damu kwenye moyo) imejiunga moja kwa moja na vena (ule unaoirudisha) kwenye utando wa ubongo, damu inaingia kule na presha yake yote, ndo hiyo vuu vuu. Inatakiwa iombwe MRA, ile ya mishipa, na mara nyingi hata sindano ya dawa huchomwi.

Hospitali nyingine kaka wa mashine ndo aliniuliza, dada hiyo sauti inaenda na moyo? Akamfuata daktari wa picha mwenyewe, wakapiga MRA, akanionyesha kwenye skrini: mfereji wa vena wa kushoto mweusi, wa kulia unawaka mweupe kama ateri, na haukutakiwa kuwaka, yaani damu ya ateri ndo ilikuwa inaingia humo. Nililia pale pale, jamani.

Kwa hiyo nilikuwa nakuja kusema MRI ni kupoteza hela, hapana, nafuta, kipimo ni kizuri sana. Ila nacho hakimalizi kila kitu, kujua damu inaelekea wapi hasa bado nilipitishiwa mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja, maana ikirudi nyuma kwenye vena za ubongo wenyewe inaweza kupasua. Yangu ilikuwa haijafika huko, namshukuru Mungu. Na kama ingekuwa imefika? Mimi ningekuwa nyumbani natibu stresi! Fomu yako isome kabla hujaingia kwenye mashine, kama sikio halijaandikwa irudishe, akununie tu.