Mkopo wa Hazina ya Uwezo kwa Kikundi Chetu cha Majengo: Uzoefu Wangu

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Majengo, kisiwani Mombasa, ambacho kazi yake ni kukodisha maturubai, viti, majamvi na masufuria ya pilau kwa wenye harusi, hitima na maulidi. Tulichukua mkopo wa shilingi 200,000 kutoka Hazina ya Uwezo (Uwezo Fund), mfuko wa serikali ya Kenya, na kwa kuwa majirani wa Bondeni na Makadara hawaishi kuniuliza kama unafaa, nimeona niyaandike niliyoyaona.

Kwa upande wa masharti, mkopo huu nausifu. Hazina hii, iliyozinduliwa mwaka 2013 kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haitozi riba. Hukatwa asilimia 3 tu ya gharama za usimamizi, ambayo kwetu ilikuwa shilingi 6,000, kisha kikundi hupewa miezi 6 kabla ya kuanza kulipa. Anayeijua biashara ya shughuli hapa mjini ataielewa thamani ya miezi hiyo, kwa sababu Ramadhani ikiingia harusi husimama, na maturubai hulala stoo hadi mfunguo mosi. Mikopo ya simu haijui Ramadhani.

Ugumu uko kabla ya pesa. Kikundi sharti kiwe kimesajiliwa, kiwe na umri wa angalau miezi 6, kiwe na akaunti ya benki na desturi ya kuweka akiba na kukopeshana. Haya yote ni ya haki, lakini ofisi moja iliturudisha kwa sababu jina la mwenzetu kwenye orodha lilipishana kwa herufi na lile la kitambulisho, na benki moja ikataka watia saini wote wafike kwa pamoja, ilhali mmoja wao alikuwa bado hajatoka arubaini ya uzazi.

Lililotuvusha ni shirika dogo la mtaani linaloendeshwa na vijana wa kujitolea. Mhazini wetu, mama mtu mzima mwenye hati nzuri na uaminifu usio na shaka, alikuwa akiandika kila kitu mfululizo, mapato na matumizi pamoja. Binti mmoja wa shirika hilo aliyesomea uhasibu alikuwa akija baada ya alasiri, wanakaa barazani, akampigia mistari kwenye daftari: pesa iliyoingia, iliyotoka, na iliyo mikononi mwa watu. Safu hiyo ya tatu ndiyo iliyotushtua, kwani ilijaa majina ya jamaa zetu wenyewe, waliochukua masufuria kwa ahadi ya kesho. Tangu hapo hatutoi hata jamvi bila arubuni ya nusu, awe shangazi au awe jirani, na marejesho hayajatusumbua tena.

Hapo ndipo penye lawama yangu kwa mpango mzima. Fedha za umma hugharamia mkopo, na kanuni zinataka kikundi kipewe mafunzo kabla ya kukopeshwa, lakini somo la mara moja halitoshi pale hesabu zinapovurugika miezi kadhaa baadaye. Binti yule halipwi na yeyote. Shirika lake hutegemea miradi ya wafadhili, na mradi ukiisha mlango hufungwa. Ningekubali tukopeshwe pungufu kidogo ili watu kama yeye walipwe.

Kuhusu asilimia 30 ya zabuni za serikali iliyotengewa makundi haya haya, tuliiacha, maana mtaji wetu hauwezi kupeleka bidhaa leo na kungoja malipo muda usiojulikana.

Mkopo wa kwanza tumeumaliza na wa pili tumeuomba, safari hii kwa ajili ya mkokoteni wetu wenyewe, kwa kuwa gari haliingii vichochoro vingi vya huku. Kikundi kinachotaka kufuata njia hii kilinganishe kwanza majina na vitambulisho, kisha kimtafute mtu wa daftari kabla ya kwenda kuchukua fomu.